Mtembezaji alipotembezwa

Kazi yangu ni kusema. Mwaka wa kumi na nne huu nawatembeza wageni Mji Mkongwe, na mgeni akinilipa saa tatu, basi saa tatu hizo mdomo wangu haufungwi. Mlango huu una misumari ya shaba kwa sababu hii, baraza ile iliwekwa kwa ajili ya vile, hapa palikuwa soko la watumwa, dirisha lile alikuwa akichungulia bibi fulani. Kimya hunitia wasiwasi. Mgeni akinyamaza nadhani amechoka, na mgeni aliyechoka hatoi bakshishi.

Mei iliyopita masika yalikuwa yamekolea, Forodhani hakuna mtu isipokuwa paka, na mdogo wangu anayefanya kazi Sendai, Japani, akanitumia tiketi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, umetembeza watu vya kutosha. Njoo na wewe utembezwe."

Nilidhani atanipeleka Tokyo nikaone taa. Akanitia garini, tukavuka milima hadi Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, ile pwani ya magharibi ya Japani ambayo watalii wengi hawafiki. Usiku tukalala kijiji cha Toge, miguuni mwa mlima Haguro, kwenye shukubo, nyumba za kulaza mahujaji ambazo familia moja hurithishana kizazi kwa kizazi. Juu ya mlango ilining'inia kamba ya majani makavu ya mpunga, nene kama paja la mtu. Mwenye nyumba akatueleza kwamba ilitoka kwenye sherehe ya mkesha wa mwaka mpya, wanakijiji wanapomchoma mdudu mkubwa wa majani, mfano wa utitiri uliokuwa ukiwatia wakulima homa. Nikamtazama mdogo wangu. "Si Mwaka Kogwa hii?" Makunduchi nao mwaka ukigeuka huchoma kibanda ili mabaya ya mwaka uliopita yaondoke na moshi. Mdogo wangu akacheka, akasema nisianze kuhubiri, kesho kuna mwenye kazi yake.

Mwenye kazi yake alikuja saa moja asubuhi. Mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, nguo nyeupe tangu kichwani hadi miguuni, viatu vya kitambaa vilivyogawanyika kwenye dole gumba, na kifuani kombe kubwa la baharini limefungwa kwa wavu wa kamba. Yeye ni yamabushi, maana yake walalao milimani, watu wa njia iitwayo Shugendo. Njia hiyo ina zaidi ya miaka elfu, na ndani yake mmechanganyika ibada za kale za milima, Ubudha na mengine, na mafunzo yake hayapatikani kwa kusoma: yanapatikana kwa kupanda, kufunga, kusimama chini ya maporomoko ya maji na kukosa usingizi. Kiongozi wa msafara huitwa sendatsu. Mdogo wangu akanifasiria: aliyetangulia kufika. Nikajisemea, mimi kwetu huitwa gaidi, lile neno la Kiingereza guide, na wengine hawaoni tofauti kati yangu na papasi, wale wanaowaganda wageni njiani.

Kabla ya kuondoka sendatsu alieleza nguo zake. Ile nyeupe ni sanda. Anayeingia mlimani huhesabiwa kuwa ameshakufa, na akishuka ndipo anapozaliwa. Mdogo wangu alikuwa bado anatafuta maneno ya kunifasiria, mimi nimeshaelewa. Mtu aliyewahi kumuona baba yake amevaa ihramu, anaaga watu kana kwamba harudi, haelezwi zaidi.

Kisha akatoa kamba nyeupe za karatasi iliyosokotwa, moja yangu, moja ya mdogo wangu, tuvae shingoni. Hapo nikakwama. Kamba ile ni alama ya ibada, na ibada yenyewe si yangu. Mdogo wangu akaanza kunikonyeza nisimwaibishe. Lakini mie nimewahi kumwambia mgeni mara ngapi, kwa tabasamu, avue viatu, ajifunike mabega, asiingie msikitini wakati wa sala? Nikamwomba anisamehe. Nikasema nitamfuata popote, nitaheshimu kila kitu, ila kamba sitavaa wala sitaomba kwenye madhabahu.

Mzee akainama kidogo, akasema neno moja: "Uketamō." Akazirudisha kamba mkobani.

Neno hilo, ikaja kujulikana, ndilo lililokuwa sheria ya siku nzima. Maana yake ni kwamba napokea kwa unyenyekevu. Sendatsu akisema twende, jibu ni uketamō. Akisema simama, uketamō. Mvua ikinyesha, uketamō. Hakuna kwa nini, hakuna bado mbali? Mdogo wangu alifasiri "nimepokea", lakini mimi nilisikia neno jingine kabisa. Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa hujibu labeka kabla hajajua anaitiwa nini. Huenda ni peremende, huenda ni bakora. Na mahujaji wakiwa kwenye zile nguo nyeupe husema labeka hiyo hiyo. Niliyekuwa nimeikataa ni kamba. Neno nililipokea bila shida, na aliyelisema kwanza ni yeye, akinijibu mimi.

Tukaanza kutembea, na sendatsu akanyamaza.

Sijui niseme vipi jinsi kimya kile kilivyoniudhi. Pale mwanzo kuna lango kubwa la mbao, na nilishazoea kwamba kwenye lango ndipo pa kuanzia hadithi. Hakusema. Baada ya lango, ajabu, njia ya mlimani haipandi, inashuka, ngazi za mawe zinatumbukia bondeni kwenye miti mirefu. Nikamuuliza mdogo wangu amwulize kwa nini tunashuka. Mzee akaonyesha miguu yangu kwa kidole, akaendelea. Chini kuna daraja jekundu juu ya mto, na ng'ambo maporomoko membamba yanateremka mwambani. Mahujaji wa zamani walikuwa wakijitakasa mtoni hapo kabla ya kupanda. Hilo nililisoma usiku uliofuata. Pale pale nilisikia tu maji, na baridi ikipanda kutoka chini kama mtu amefungua jokofu.

Miti yenyewe ni sugi, inayofanana na mierezi, mamia kwa mamia, mingi ina miaka 350 na zaidi, imenyooka kama milingoti. Mmoja umefungwa kamba kiunoni: huo wanauita babu, na inasemekana umevuka miaka elfu. Karibu na babu unasimama mnara wa ghorofa tano, wote mbao, haukupakwa rangi hata tone, urefu mita 29 hivi. Wanasema wa kwanza ulijengwa katika karne ya 10, na huu uliopo ni wa karne ya 14. Hauna uwanja mbele yake, hauna ngome wala ukuta. Umesimama katikati ya miti kana kwamba nao uliota. Ningekuwa mimi ndiye mwenye wageni, hapo ningetumia dakika ishirini. Sendatsu alisimama, akapuliza kombe.

Mlio wa kombe lile si wa kupendeza. Ni mzito, una mkwaruzo, unaanzia chini halafu unapanda ghafla, na msitu ukaurudisha kutoka pande tatu. Nywele zilinisimama. Nililitazama vizuri sasa, na moyo ukanidunda kwa sababu nyingine: nalijua kombe lile. Ni la aina ile ile wanayoiopoa wazamiaji wetu kwenye mwamba na kuwauzia wageni Nungwi, mgongo wake una madoa ya kahawia kama ngozi ya kanga. Huishi bahari ya joto. Bahari ya Tsuruoka ni baridi, haina wa namna hiyo. Watu hawa wa mlimani, kwenye theluji na mierezi, wanaitana kwa mnyama wa maji ya kwetu.

Kutoka hapo ndipo mlima unapoanza kudai. Vidato vya mawe, kuanzia langoni hadi kileleni, ni 2,446. Kasisi mkuu mmoja aitwaye Ten'yū alianza kuvipanga mwaka 1648, kazi ikachukua miaka 13. Haguro si mlima mrefu, mita 414 tu, lakini vidato ni vyembamba, vya kale, vina ukoka, na asubuhi ile vilikuwa na umande. Mimi nilikuwa naangalia juu, napiga hesabu za jinsi ambavyo ningewasimulia watu mambo haya, nikateleza. Nikajipiga goti kwenye ukingo wa jiwe, suruali ikachanika. Sendatsu aligeuka, akangoja nisimame. Hakusema pole. Nikasema uketamō kwa hasira, na mdogo wangu akageuza uso kuficha kicheko.

Baada ya hapo nilitazama nilipokanyaga. Na nilipotazama nikaona kwamba baadhi ya mawe yamechongwa picha: kibuyu, kikombe, ua la yungiyungi. Ziko 33 zote, wanasema anayeziona zote dua yake hujibiwa. Niliona nne. Nisingeteleza nisingeona hata moja.

Kwenye mteremko wa pili kuna kibanda cha chai, na hapo mzee alifungua mdomo. Tulikaa nje kwenye benchi, tukaletewa mochi, ule mchele unaotwangwa ukawa mlaini unavutika, juu yake unga wa soya. Kwa mtu aliyekula vitumbua maisha yake yote haukuwa mgeni sana. Nikamuuliza moja kwa moja: kwa nini husemi? Nikamweleza na kazi yangu.

Alicheka. Akasema zamani alikuwa anasema sana kuliko mimi. "Wageni wakawa wanatazama mdomo wangu, wakawa wanajikwaa."

Basi akaanza, na alipoanza alinipita. Alieleza kwamba mlima huu ulikuwa umejaa mahekalu ya Kibudha, mpaka mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji ilipoamuru Ubudha na Shinto, dini ya asili ya Wajapani, vitenganishwe, na mwaka 1872 Shugendo yenyewe ikapigwa marufuku. Majengo yakabomolewa, sanamu zikatupwa. Ule mnara tuliouona ni miongoni mwa machache yaliyosalimika. Njia ya yamabushi ikafichwa majumbani, ikarudi polepole. Alieleza mafunzo ya vuli, wanapofungiwa chumbani na makaa yanayofukizwa pilipili kali, watu wakikohoa mpaka machozi, hiyo ikiwa ni jahanamu yao ya kupitia kabla ya kuzaliwa upya. Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa kupika pilipili ya kukaanga madirisha yakiwa yamefungwa. Mdogo wangu alikataa kufasiri.

Na alieleza milima mitatu. Haguro ni dunia ya sasa. Gassan, wenye mita 1,984, ni dunia ya waliokufa. Roho za wazee hupanda huko, na Mei ile ulikuwa bado mweupe kwa theluji, hekalu la kileleni hufunguliwa Julai mosi. Yudono ni kuzaliwa upya, na kilichoko ndani ya eneo lake takatifu kina sheria ya kale: usisimulie, wala usiulize. Mahali, kwa ufupi, ambapo mtembeza watalii angekufa njaa. Nilijaribu kumchokoza aniambie japo kidogo. Akanipa mochi nyingine.

Kutoka kwenye benchi lile miti inaachia uwazi, na chini unaonekana uwanda wa Shōnai. Ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga, majaruba yote yamejaa maji, anga lote limelala chini vipande vipande. Mbali kabisa, ukingoni, mstari wa buluu iliyoiva. Mzee akaonyesha kwa kidole: bahari. Akasema mlima huu ulianzia kule.

Kileleni nitapita haraka, maana mwenyewe nilisimama pembeni. Kuna hekalu kubwa la milima yote mitatu chini ya paa moja, makuti yake ya nyasi yana unene unaozidi mita mbili, na mbele yake kidimbwi ambamo zilipatikana mamia ya vioo vya shaba vilivyotupwa na watu wa kale kama sadaka. Sendatsu na watu wengine waliomba. Mimi nilikaa kwenye jiwe, nikapuliza goti langu.

Chakula cha mchana tulikula Toge. Mei ni msimu wa mianzi michanga, na supu yake maarufu ya huko hupikwa kwa miso na machicha ya pombe ya mchele. Mwenye nyumba alikuwa ameshaulizwa tangu jana. Akanipikia yangu bila machicha, kwa mwani na uyoga, pamoja na tofu ya ufuta na mboga za porini ambazo sina majina yake. Hakulifanya jambo. Aliweka bakuli mbele yangu, akalizungusha kidogo ili upande mzuri unitazame, akaondoka. Mimi nimewahi kumcheka mgeni asiyekula pweza.

Alasiri tukashuka pwani kwa gari. Njiani mzee, ambaye garini alikuwa mtu mwingine, msemaji, mpenda baseball, alisema kwamba kwa imani ya wakulima mungu wa mlima hushuka majira ya kuchipua akawa mungu wa mpunga, na vuli akarudi juu. Maji yaliyomo majarubani ni theluji iliyoyeyuka milimani. Yakitoka shambani yanakwenda kwa samaki.

Karibu na bandari ya zamani ya Kamo kuna hekalu la Zenpō-ji, ambalo wavuvi hulitegemea. Huabudiwa hapo majoka mawili ya majini. Nalo lina mnara wa ghorofa tano, kama ule wa msituni. Nikauliza huu ni wa mfalme gani. Mzee akajibu: wa samaki. Nilidhani mdogo wangu amekosea kufasiri. Hakukosea. Ulijengwa mwaka 1883 kuzituliza roho za samaki waliovuliwa.

Nimezaliwa kwenye familia ya wavuvi. Babu yangu alikuwa na ngalawa Mkokotoni. Kuku tunamchinja kwa bismillahi, tunamgeuza kibla, tunamnywesha maji kabla ya kisu. Samaki hachinjwi, sheria imetufanyia wepesi, akitoka majini ni halali, anatupwa kwenye ngama ya chombo akitapatapa mpaka anyamaze. Sina ugomvi na wepesi huo. Ila katika maisha yangu sikuwahi kusimama nikafikiri ni wangapi. Nikaanza kuhesabu: babu, miaka arobaini, dema ngapi, siku ngapi kwa mwezi. Nikaacha. Pale chini ya mnara palikuwa na mzee mmoja na mkewe, mikono imepasuka kama ya mtu wa nyavu, wamesimama tu. Sikuwauliza kitu, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sikutamani kuwauliza.

Jua lilipoanza kulala tulifika Yura, kijiji cha wavuvi chenye kisiwa kidogo cha mwamba na daraja jekundu la kukiendea. Hapo mzee akamalizia kisa alichokianza kwenye chai. Mwaka 592 mfalme Sushun aliuawa kwa njama za waziri wake. Mwanawe, mwanamfalme Hachiko, akakimbia kwa mashua kuelekea kaskazini. Kisa kinasema alipofika pwani hii aliona wasichana wanane wakicheza juu ya mwamba; akateremka, kunguru wa miguu mitatu akamwongoza hadi mlimani, na mwaka 593 akaanzisha ibada ya Haguro. Picha zake humwonyesha mweusi, sura ya kutisha, mdomo umepasuka hadi masikioni, kwa kuwa, wanasema, aliyabeba mateso ya waliomjia hadi yakamharibu uso. Kwenye mwamba ule kuna pango, na wenyeji husimulia kwamba limepenya chini ya ardhi mpaka Haguro.

Sisi nasi tuna majahazi saba yaliyotoka Shirazi. Nilitaka kumsimulia. Nilishafungua mdomo, mdogo wangu ameshageuka tayari kufasiri, kisha nikaona mzee anaangalia maji, nikaufunga.

Tulikula samaki bapa wa kuchoma, jamii ya gayogayo, mnono, ana chumvi tu na moshi. Jua likazama baharini kama linavyozama Forodhani, jekundu, bila haraka. Nikatoa simu nitafute kibla. Unguja tunaelekea kaskazini. Yura sindano ilielekea baharini, karibu kabisa na pale jua lilipozamia. Nikatawadha kwa maji ya chupa, nikatandika koti mchangani. Mdogo wangu akasimama kulia kwangu. Tulipotoa salamu nikaona mzee amekaa mbali kidogo, amevua kombe lake, ameliweka juu ya goti, anangoja. Alipouliza kama tumemaliza, nikasema ndiyo. Ndipo akasimama, akalipuliza kuelekea bahari, mara moja.

Julai msimu ulifunguka. Wageni wangu wa kwanza walikuwa mke na mume, watu wazima, wapole. Tulipoingia vichochoro vya Hurumzi nikaamua nijaribu: hatua mia moja bila neno. Juu ya kichwa chetu mtu alikuwa anakuna nazi. Chuoni watoto walikuwa wanarudia alif kwa sauti moja, mmoja amechelewa nyuma yao. Harufu ya karafuu ilitoka kwenye mlango usiokuwa na misumari yoyote ya shaba. Nilifika hatua ya sitini hivi, yule mama akanigusa bega, akaniuliza kwa huruma kama naumwa.

Nikamwambia hapana. Nikawaonyesha kwa kidole miguu yao, maana mbele palikuwa na kidato kibovu.

Bakshishi ya siku ile haikuongezeka wala haikupungua.